Kuku wa Mtu Tusiyemjua

Kwetu, upande wa Magharibi, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Si kwamba wamekosana. Ni heshima, na heshima yenyewe tunaiita haya. Hampeani mikono, hamketi chumba kimoja, hamli mkionana, na mkikutana njiani mmoja lazima apishe. Mara ya kwanza nilipokutana na wangu njiani, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, tulipishana wote wawili. Mimi niliruka ndani ya mahindi upande huu, yeye akaruka ndani ya mahindi upande ule, na njia ikabaki tupu kabisa. Nilisikia mabua yakivunjika kwake. Nilisimama humo nikiona aibu, bila kujua ni aibu ya kosa gani, hadi mbwa wa jirani akaja kunibwekea.

Kwa hiyo nilioa, nikapata watoto, nikaanza kuota mvi, na bado sikuwahi kuuona uso wa mama mkwe wangu wote kwa mara moja. Nilimjua kwa visigino, kwa leso, na kwa sauti ya upande wa pili wa ukuta. Alikuja Eldoret watoto wetu walipozaliwa, lakini kwangu hakulala, maana mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Alilala kwa mwenye nyumba wetu hapa Kapseret, mzee Mkalenjin mwenye ng'ombe wa maziwa na mke mkarimu. Mzee huyo aliona jambo hili kuwa kichekesho cha mwaka.

"Sasa wewe," aliniambia, "ng'ombe yangu akiwa mgonjwa unaingiza mkono mpaka kwa bega. Lakini mama ya bibi yako unamkimbia?"

Nauza dawa za mifugo na mbegu katika duka moja pale mjini, na wapangaji wenzangu wa ploti huniita daktari, jina ambalo sikulisomea lakini sijalikataa. Nilimjibu mzee kwamba ng'ombe si mkwe. Alicheka hadi akalazimika kuketi.

Basi mwaka juzi, wakati wa mvua, mama mkwe aliteleza mlangoni mwa jiko lake kule kijijini na kuvunjika nyonga. Walimfunga fimbo na vitambaa, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, wakamleta Eldoret katika hospitali kubwa, kwa kuwa huku ndiko mifupa ya namna hiyo hutengenezwa. Mke wangu alitangulia mapokezi akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Mimi nilifuata nyuma nikibeba mkoba, blanketi na chupa ya chai, nikiwa nimegeuza shingo upande kama mtu aliyelala vibaya.

Wodini nilisimama mlangoni, nikaukabili ukuta. Kulikuwa na bango la kunawa mikono, na nililisoma mara nyingi sana wiki hiyo.

"Mwambie mama pole," nilimwambia mke wangu.

"Mama, anasema pole."

"Mwambie asante," ilisema sauti kutoka kitandani. "Mwambie arudi kazini, asiharibu siku."

Daktari alikuwa kijana. Alinitazama, akamtazama mama, akaona labda tuna ugomvi wa shamba.

"Wewe ndiye kijana yake?"

"Hapana. Mimi ni mkwe."

"Basi karibia, nieleze wote pamoja."

"Nasikia vizuri nikiwa hapa, daktari."

Akaeleza. Nyonga ingewekewa chuma, na kazi yenyewe hawakuiogopa. Walichoogopa ni damu: ya mama ilikuwa imepungua sana, na upasuaji ungeipunguza zaidi. Familia ilitakiwa kuleta watu watatu wa kutoa damu. Tena tusikawie, kwa sababu mama wa umri ule akilala chali siku nyingi kifua huanza kujaa, na hapo nyonga haitakuwa tena shida yake kubwa. Alisema maneno hayo kwa upole, akaenda kitanda kingine.

Mke wangu alikuwa ananyonyesha, wakamkataa papo hapo. Niliandika kwenye grupu ya familia kwenye simu. Niliandika vizuri, kwa unyenyekevu, nikaeleza wodi na saa. Majibu yalikuja haraka. Mungu atatenda. Tuko pamoja. Mikono iliyokunjwa kwa maombi ikashuka kama mvua. Halafu simu ikaanza kulia kwa namna nyingine, na kila ikilia ni mtu ametuma pesa. Binamu katuma, shangazi katuma, hata yule mjomba ambaye hatukuwahi kumwona akichangia harusi ya mtu akatuma. Hakuna aliyekuja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema, lakini hawakutuambia utafanya nini watu wakikutumia pesa ya kununua fimbo.

Sijawahi kuona aibu ya kuomba kama ile. Pesa nimeomba, tena mara nyingi, na anayeombwa pesa husema hana na mnaachana kwa heri. Lakini damu huwezi kusema huna. Mtu amesimama mbele yako, mzima, anapumua, anatafuta maneno, na wewe ndiye unayeona aibu kwa niaba yake. Mwenzangu wa dukani aliniambia yeye ni mwanariadha, ana mashindano, na damu ndiyo petroli yake. Nilimwelewa. Nusu ya vijana wa mji huu wanakimbia na nusu nyingine wanakusudia kuanza. Mwingine alisema mke wake hatamruhusu. Mwingine aliniuliza kwanza ni nani anayelipa, kisha akacheka akasema ni mzaha.

Walimu wawili wa shule anayofundisha mke wangu walikwenda kimya kimya saa ya chakula wakatoa. Akabaki mtu mmoja. Na kila mtu alijua, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba katika Eldoret yote mtu huyo alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi akisoma bango la kunawa mikono.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alipiga simu kutoka nyumbani. Presha yake iko juu, damu yake haichukuliwi. Mke wangu alikuwa amemshika mtoto, akaweka simu kitandani ikisema kwa sauti kubwa.

"Nimesikia mkwe anataka kutoa," alisema shemeji. "Ni ukweli?"

"Amebaki yeye tu," alisema mke wangu.

"Damu ya mkwe iingie kwa mama? Iende kila mahali? Kwa miguu, kwa kifua? Mmefikiria hiyo maneno nyinyi watu wa town? Wazee hapa wamekaa chini, hakuna mtu anakula. Hii kitu italeta mkosi kwa watoto."

Wodi nzima ilisikia. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Kisha nikasikia blanketi likivutwa, nikajua bila kugeuka kwamba mama amefunika kichwa.

"Mwambie," alisema kutoka ndani ya blanketi, "afadhali nizikwe na nyonga yangu hivi ilivyovunjika."

Na ubaya ni kwamba nilikubaliana naye. Nilisimama pale masikio yakiwaka. Shemeji alikuwa ametaja miguu na kifua cha mama mkwe wangu mbele za watu, na akili yangu, ambayo haina adabu, ilikuwa imeanza kuiona damu yangu ikitembea humo. Nilitamani sakafu inimeze. Chini ya aibu hiyo kulikuwa na kingine kidogo, cha baridi: nafuu. Mimi ninayedunga ng'ombe sindano ndefu kama penseli naogopa sindano. Mila ilikuwa imenifungulia mlango wa nyuma, na nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja nje.

Jioni ile, nyumbani, mke wangu alikaa kitandani akimnyonyesha mtoto. Hakulia. Alisema tu, kama anayesoma jambo lililoandikwa ukutani, "Mama yangu anakufa kwa sababu ya adabu."

Nilitoka nje nikampata mwenye nyumba akimfungia ndama, nikamweleza yote, kwa sababu nilitaka mtu mzima aniambie kwamba sina kosa. Hakucheka safari hii. Alisema, "Kesho tunaenda. Mimi natoa hiyo ya tatu. Mimi si mkwe ya mtu huko."

Tulikwenda asubuhi. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Msichana wa mapokezi ya damu alimuuliza umri, mzee akataja sabini na kitu, akasitasita kwenye hicho kitu. Msichana akasema pole, mzee, umri umepita.

"Umepita wapi?" Mzee aligeuka kunitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyeupitisha. "Tukiwa vijana tulikuwa tunatoa damu ya ng'ombe. Unafunga shingo, unapiga mshale mdogo, inaingia kwa kibuyu, unaziba. Jioni yeye huyo anakula nyasi. Unampumzisha, ukirudi anakupatia tena. Sijaona ng'ombe amekufa juu ya hiyo. Hata mzee anatoa!"

"Wewe si ng'ombe, mzee," alisema msichana kwa heshima zote.

"Najua. Ng'ombe ana bahati." Akakaa kwenye benchi, akafunga vifungo vya koti, akanisubiri mimi. Hakusema niende. Alinitazama tu kwa namna ile watu wanavyomtazama mtu aliyesimama kwenye foleni bila kusogea. Nikasogea.

Walinidunga kidole, wakapima presha, wakaniuliza maswali ambayo ningeona haya kuulizwa hata na mke wangu. Nikalala kwenye kiti kirefu. Muuguzi, mama wa makamo mwenye haraka, alipokuwa akitafuta mshipa, nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba nina ombi.

"Sema."

"Kuna mgonjwa mmoja juu huko, wodi ya mifupa. Nataka kuhakikisha hii damu haitafika kwake."

Aliacha kusugua mkono wangu. "Umekuja kumtolea nani?"

"Yeye."

Ilibidi nieleze. Nikaeleza ukwe, haya, mahindi, mkosi, na nikasikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyosikika ndani ya chumba kile chenye harufu ya spiriti. Muuguzi alikuwa Mluhya kama mimi, nilimtambua kwa matamshi, na ndiyo sababu hakucheka sana.

"Kwani mnafikiria tunaweka mpira kutoka kwa mkono yako mpaka kwa yake?" alisema. "Hii inaenda kupimwa kwanza. Halafu inakaa kwa friji, inaenda kwa mtu yeyote inamfaa. Ya mama yako mkwe iko tayari. Tunangoja tu mrudishe, ndio wa kesho asikose."

"Iko tayari? Ya nani?"

"Sijui. Na ningejua singekuambia. Lakini nyingi ni ya wanafunzi. Tunaenda mashuleni, Kesses, Ainabkoi huko, hao watoto wanapanga laini. Shule zikifungwa friji inakuwa nyeupe, ndio unaona tunaanza kusumbua nyinyi wenye wagonjwa. Nyinyi wakubwa hamuji mpaka muwe na mtu kitandani. Finya mpira."

Nilifinya mpira. Sindano ilikuwa imeshaingia na sikuwa nimeiona. Niliwaza mtoto wa kidato cha tatu, mwenye sweta ya shule yenye kiwiko kilichotoboka, amelala kwenye madawati mawili yaliyounganishwa akifinya mpira kama huu, hamjui mama mkwe wa mtu yeyote. Wazee wa ukoo mzima walikuwa wameketi bila kula kwa siku mbili kuamua jambo ambalo mtoto yule alishalimaliza kabla ya kipindi cha hesabu. Nikaona aibu ya namna mpya, na hii ilinikaa vibaya zaidi kwa sababu haikuwa ya mila. Ilikuwa yangu.

"Unaweza kurudi baada ya miezi mitatu," alisema muuguzi akinibandika pamba na plasta. "Utarudi?"

"Nitarudi," nilisema. Nilisema kwa moyo wote, soda mkononi.

Mke wangu alimweleza mama. Mimi nilikuwa kwenye bango langu. Alimwambia kwamba damu itakayoingia si ya mkwe, hata haiwezi kuwa, ni ya mtu asiyejulikana, pengine mwanafunzi.

"Mtoto wa nani?"

"Hajulikani, mama."

"Alikula?"

"Nini?"

"Huyo mtoto. Baada ya kutolewa damu, alikula nini?"

"Wanapewa soda na biskuti."

"Soda," alisema mama, na katika neno hilo kulikuwa na dharau yote ambayo mwanamke aliyefuga kuku maisha yake yote anaweza kuwa nayo kwa chakula cha chupa. Kisha akafunua kichwa. Akasema wamwite daktari.

Alipasuliwa siku iliyofuata, akawekewa chuma, akaanza kusimama. Alirudi kijijini kwa magongo mawili. Watoto walipofunga shule, shemeji alikuja mjini na kikapu, na ndani ya kikapu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, kulikuwa na kuku. Tembe mwekundu, kifua kipana, jicho kali.

"Huyu ni wa yule mtoto," alisema shemeji, akitazama viatu vyake. "Mama amesema mumpelekee."

Inabidi nieleze, kwa wasiotujua. Kwetu kuku si kitoweo tu. Mgeni wa maana huchinjiwa kuku, na aliyekutendea jambo kubwa akiondoka bila kula kutoka mkononi mwako, amekuacha na uso wa kuficha. Mkono mtupu haulambwi. Mama alikuwa amekaa kule na magongo yake akihesabu kwamba kuna mtoto Eldoret amempa uhai naye hajampa hata paja la kuku. Hakuweza kulala hivyo.

Mke wangu alianza kucheka, kisha akaacha. Tungempeleka wapi? Hospitali nilijaribu. Nilimpigia yule msichana wa mapokezi, na aliposikia neno kuku aliwaita wenzake waje wasikie. Kumla hatungeweza, si wetu. Kumrudisha kungekuwa tusi. Nikamjengea kibanda nyuma ya nyumba, akakaa.

Mama alipiga simu baada ya siku chache. Mke wangu alinitazama. "Anauliza kama mtoto alipata kuku."

Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nakula, mahali pa uongo palikuwa karibu kuliko mahali pa ukweli. "Mwambie alimpata. Alishukuru sana."

"Anauliza ni msichana ama mvulana."

"Mvulana," nikasema. Tayari nilishamvalisha sweta.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huwa na kona nyingi. Simu iliyofuata mama aliuliza kama mvulana anaendelea na masomo. Anaendelea. Simu nyingine akauliza kama mkwe amerudi kule kutoa tena, kama alivyoahidi, maana mke wangu alikuwa amemsimulia mambo ya miezi mitatu. Nikasema mwambie nimerudi. Sikuwa nimerudi. Ilikuwa wakati wa kupanda na duka limejaa. Kisha nikapata mafua. Kisha mafua yakaisha na nikaona si vizuri kwenda mara tu baada ya mafua. Ujumbe wa kunikumbusha ulikuja kwenye simu, nikausoma kwa makini, nikaweka simu mfukoni. Hakuna mtu niliyemjua aliyekuwa kitandani. Ndiyo sababu yenyewe, nikiivua nguo zote: hapakuwa na mtu wa kuniona.

Isipokuwa kuku. Alitaga, akaatamia, akaangua vifaranga kumi, akaanza kuwapitisha mbele ya mlango wangu kila asubuhi nikifunga kamba za viatu. Kuku hana ubaya na mtu, najua, nauza chanjo zao. Lakini yule alikuwa anasimama, anageuza kichwa, ananitazama kwa jicho moja.

"Huyu kuku ya mtu hajulikani," alisema mwenye nyumba, "anazaa kuliko wale wako na mwenyewe."

Mwaka jana mama aliitwa hospitali kuangaliwa chuma. Sasa alikuwa anatembea na fimbo moja tu. Alifikia kwa mwenye nyumba kama kawaida, akakalishwa barazani, akapewa mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua wa michongoma, nikirekebisha mlango ambao haukuwa umeharibika. Nilisikia vifaranga vikilia, nikasikia ncha ya fimbo ikigusa saruji mara moja tu, ikakoma.

Mtu aliyemlea kuku humjua kama anavyojua mtoto wake.

Mke wangu alikuja uani akiwa amebadilika rangi. "Ameuliza huyu anafanya nini hapa."

"Umemwambia nini?"

"Sitasema uongo tena mimi. Mwambie wewe."

Lakini ningemwambiaje? Simwambii kitu, hiyo ndiyo mila, na kwa mara ya pili mila ilikuwa imenishikia mlango wazi nitoroke. Nikachungulia kati ya majani. Sikupaswa, nilichungulia. Mama mkwe wangu alikuwa amevuta leso akafunika uso wote, mabega yakitetemeka, mwanamke mzee kwenye baraza ya watu, na wenyeji wamesimama bila kujua waweke wapi mikono yao.

"Mwaka mzima," alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua, akijua nani yuko ng'ambo ya ua. "Mwaka mzima nimekuwa nikiomba nikimtaja huyo mvulana na masomo yake. Kumbe nimemtaja nani? Kumbe natembea na kitu cha mtu na hata chumvi yangu hajaonja."

Nimewahi kufumaniwa na makosa. Sijawahi kusikia aibu iliyo yangu ikiliwa na mtu mwingine mbele yangu, kwa kijiko kikubwa, kana kwamba ni yake. Niliweka nyundo chini. Hakukuwa na la kusema kupitia kwa mke wangu, na la kusema moja kwa moja halikuruhusiwa. Nilibaki nimeinama hadi mgongo ukaniuma.

Asubuhi, kabla ya duka kufunguliwa, nilikwenda. Muuguzi yule yule hakunikumbuka, jambo ambalo lilinifurahisha na kuniumiza. Nilimwambia sina mgonjwa. "Huna mgonjwa?" aliuliza, akaniangalia vizuri. "Basi lala hapa." Niliitazama sindano ikiingia, kwa makusudi. Inauma kidogo tu. Nilipomaliza niliulizia kuhusu mtu wa mwaka juzi, kwa njia ya mzaha, na akasema tena kwamba hajui na hatajua. Nikamwambia kuna kuku. Akasema, "Mle."

Nilirudi Kapseret na pamba mkononi. Mama alikuwa amefunga mizigo yake, amesimama langoni akisubiri gari, mgongo wake kwangu, leso kichwani. Nilisimama nyuma ya nguzo ya lango, pale ninapoweza kusikika nisionekane. Mke wangu alikuwa katikati yetu, kama kawaida, tayari kubeba maneno.

"Mwambie sikumpata mwenye kuku," nilisema. "Mwambie hapatikani. Nilidanganya yote, mvulana, masomo, na kwamba nilirudi. Nimerudi leo."

Mke wangu alifungua mdomo, akaufunga. Mama alikuwa amesikia.

"Mwambie anionyeshe," alisema.

Nikakunja mkono wa shati hadi juu. Ni aibu, mkono mtupu wa mkwe. Niliupitisha kando ya nguzo, mwili wangu ukabaki huku, mkono ukabaki kule peke yake hewani na plasta yake. Nikangoja. Ndege ilipita juu ikishuka uwanjani, na sikusikia kitu hadi ikapita. Ndipo nikahisi kitambaa: alikuwa amejizungushia pembe ya leso kwenye vidole, na kwa vidole hivyo vilivyofunikwa aligusa plasta.

"Imeenda kwa nani?"

Hakumwuliza mke wangu. Aliniuliza mimi.

"Sijui, mama."

"Na yeye hajui ni wewe."

"Hatajua."

Alifikiri. Vidole vilikuwa bado pale.

"Basi hamtaoneana haya," alisema, akashusha mkono wa shati langu mpaka kwenye kifundo na kuufunga kifungo.

Gari lilipofika alimwambia binti yake kwamba yule tembe asichinjwe, aachwe atage, ila mkwe akitoka kutoa damu atakuwa anakaangiwa mayai mawili, si soda. Nimekula mayai hayo mara tatu tangu siku hiyo. Ya nne ni mwezi ujao, na leo asubuhi kuku alikuwa amesimama mlangoni.